Miaka miwili Kisutu: uzoefu wangu wa kupanga nyumba ya zamani katikati ya Dar

Nilipohamishiwa Dar kikazi kutoka Mombasa, wenzangu ofisini walinisukuma nitafute nyumba Masaki au Mikocheni, kwa kuwa huko ndiko wageni wanakokaa. Nilizunguka na dalali siku tatu. Siku ya nne akanipitisha Kisutu, nikaona mlango mzito wa mbao, mwaka 1938 umechongwa juu yake, na roshani inayotazama mtaani. Nikamwambia hapa hapa.

Wazee bado wanauita upande huu Uhindini. Maghorofa mengi yalijengwa na wafanyabiashara wa Kihindi, na mwaka 1971 Serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000. Ndiyo maana ukiuliza mwenye jengo ni nani, mara nyingi utajibiwa Shirika la Nyumba la Taifa. Letu lilibaki mikononi mwa familia, na kodi namlipa mjukuu wa aliyelijenga: laki saba kwa mwezi kwa vyumba viwili, miezi sita kwa mkupuo, na dalali akachukua ya mwezi mmoja. Mwanzoni bei ilitajwa kwa dola. Baada ya kanuni za Machi 2025 kukataza kutoza kwa fedha za kigeni, mkataba umeandikwa upya kwa shilingi, na kwangu hiyo ni nafuu kubwa.

Nyumba yenyewe ni nzuri kuliko inavyoonekana kwa nje. Dari iko juu, kuta nene, madirisha yanatazamana, upepo unapita. Januari, joto la Dar linapokuwa kali, nalala na feni tu.

Maji ndiyo yaliyonifundisha mtaa. Bomba hutoka usiku, kwa presha ndogo, na jengo zima linategemea simtanki moja juu ya paa, kwa hiyo lazima mtu aamke kuwasha pampu. Mimi sikuambiwa. Wiki ya kwanza nilirudi kutoka kazini nikakuta mifereji mikavu, nikanunua maji ya chupa ya kuogea nikanyamaza. Kesho yake mama wa ghorofa ya kwanza, anayeongea Kikachi na wanawe na Kiswahili na sisi wengine, akamtuma mjukuu wake na ndoo mbili. Nilishuka kushukuru. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Sasa unakaa na shida ndani, sisi tutajuaje?" Toka siku hiyo niko kwenye zamu ya pampu: Jumanne na Ijumaa, saa tisa usiku. Nimekulia nyumba za kupakana Mombasa, na bado nilikuwa nimekuja hapa na tabia ya mgeni, ya kujifungia. Ukipanga Kisutu, jirani ni sehemu ya nyumba. Msalimie kabla hujamhitaji.

Kuhusu kutembea, sijaona pa kufananisha. Gari sina na silihitaji; maegesho mchana ni ya kugombania. Kazini naenda kwa miguu, Kariakoo napanda bajaji, na Jumapili, maduka yakiwa yamefungwa na mitaa imetulia, nateremka alfajiri hadi soko la samaki Feri kuwahi mnada. Kurudi napita Boma la Kale, lililojengwa kwa mawe ya matumbawe enzi za Sultani Majid miaka ya 1860, na kengele za Mtakatifu Yosefu ndipo zinapoanza. Saa za jioni kahawa na kashata ziko mlangoni.

Asiyependa kelele asije. Adhana, kengele za hekalu, na umeme ukikatika, jenereta za maduka zote kwa pamoja. Masika mitaro hufurika na utavua viatu. Lifti hakuna.

Kinachoniuma ni bomoabomoa. Nyumba ya mkabala, ya ghorofa mbili, roshani yake ya nakshi, ilivunjwa kwa siku nne tu. Tumekula vumbi miezi minane, na majirani wanakagua nyufa za ukuta kila wiki. Hofu yao ina sababu: tarehe 29 Machi 2013 ghorofa la sakafu 16 lililokuwa linajengwa Mtaa wa Indira Gandhi, jirani tu na hapa, liliporomoka na kuua watu 36. Kwa hiyo kabla hujasaini, angalia kiwanja cha pembeni. Kagua nyaya pia. Zangu za jikoni ziliungua nilipochomeka jiko la umeme na pasi kwa pamoja.

Wiki iliyopita nimelipa miezi sita mingine. Mwenye nyumba amebadilisha nyaya kama nilivyomwomba, na sasa anataka kuweka geti la chuma pale chini. Tumemwendea wapangaji wote, na mama wa ghorofa ya kwanza ndiye aliyetusemea: geti aweke kwa ndani, mlango wa mbao asiuguse.