Mafunzo ya safari za anga za juu za kibiashara: anza na chumba cha hewa haba

Kwa miaka 9 nimekuwa muuguzi wa ndege za wagonjwa, mwanzo nikirukia Uwanja wa Wilson, Nairobi, na sasa huku Pennsylvania. Kazi yangu ni kutazama kipimo kwenye kidole cha mtu mwingine: oksijeni imeshuka, ongeza, midomo imebadilika rangi, ongeza. Nilipoamua kujiandaa kuomba nafasi ya mhudumu wa afya kwenye safari za anga za juu za kibiashara, nilidhani somo la oksijeni nitalipita nimefumba macho. Ndilo lililoniangusha, na ndiyo sababu ninaandika.

Kwanza sheria, maana wengi huniuliza. Kanuni za FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, zilizotolewa Desemba 2006, zinamtaka kila mhudumu mwenye jukumu la usalama aonyeshe kwamba anaweza kuhimili mashaka ya safari yenyewe, yaani mgandamizo wa kasi, mtikisiko na hali ya kutokuwa na uzito, huku kazi yake ikiendelea sawasawa. Anahitaji pia cheti cha afya cha daraja la pili. Rubani lazima awe na leseni ya urubani na kibali cha kuruka kwa kutegemea vyombo. Abiria naye afundishwe la kufanya moshi ukitanda, moto ukiwaka, hewa ikivuja au ikibidi kutoka kwa dharura. Kinachoitwa leseni ya mwanaanga wa kibiashara hakimo.

Hilo ningelijua mapema ningeokoa pesa. Kozi yangu ya kwanza ilikuwa ya wikendi moja. Jina lake sitalitaja. Siku mbili za picha ukutani, saa moja kwenye kiti cha mchezo wa kompyuta, na cheti chenye muhuri wa dhahabu. Niliuliza ni kampuni gani ya safari za anga inayokitambua cheti kile, sikupata jibu hadi leo. Ukikutana na tangazo la namna hiyo, uliza swali hilo kabla hujatuma hata senti.

Baada ya hapo nilikwenda NASTAR, kituo kilichopo Southampton, kaskazini mwa Philadelphia. Mwaka 2010 FAA ilikipa idhini ya usalama kwa mafunzo ya aina hii, na wale wanne wa Inspiration4, walioizunguka dunia Septemba 2021 bila mwanaanga wa serikali kati yao, walizungushwa kwenye mashine ya hapo ya kuzoesha mwili mgandamizo wa kasi. Eneo lenyewe lina historia. Warminster, mji wa jirani, ndiko ilikokuwa mashine ya Johnsville ya jeshi la wanamaji, mkono wa chuma wa mita 15 uliowazungusha wanaanga wa kwanza wa Marekani, akina Alan Shepard na John Glenn, kabla ya safari zao. Mimi ni mzaliwa wa Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, nimekua nikiyatazama majukwaa ya San Marco baharini, pale kikosi cha Waitaliano kilipoirusha setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Kupita Warminster kwa gari kulinigusa kuliko nilivyotarajia.

Sasa chumba. Ni sanduku la chuma lenye viti pande mbili, vidirisha vya vioo vizito, na barakoa ya oksijeni kwa kila mtu. Tulivuta oksijeni safi kwa dakika 30 ili naitrojeni itoke mwilini, kwa sababu ikibaki inaweza kufanya viputo na kuumiza viungo, maradhi yale yale ya wazamiaji. Kisha pampu zikaanza kunyonya hewa. Tukafika sawa na futi 25,000, kama mita 7,600, ambako mgandamizo wa hewa ni zaidi kidogo ya theluthi ya ule wa pwani. Hapo mtu asiye na oksijeni ana dakika 3 hadi 5 za akili inayofaa kitu. Si dakika za uhai, dakika za akili. Tukaambiwa tuvue barakoa.

Kazi yangu ilikuwa kuanzia 100 na kutoa 7, tena na tena, kwa penseli. Nikaandika 93, 86, 79, kisha 79, kisha 79. Nilijiona ninafanya vizuri sana. Joto lilinipanda nyuma ya masikio, na furaha ikaniingia, furaha safi isiyo na sababu, kama ya mtoto siku ya Idi. Mwalimu akasema, "Vaa barakoa." Nilimsikia. Nikaitikia. Mkono haukwenda. Jirani yangu ndiye aliyenivisha. Baada ya pumzi tatu hivi, kadi ya rangi iliyokuwa mbele yangu, ambayo ningeapa ni ya kijivu, ikawa nyekundu, kijani na manjano. Kipimo cha kidoleni kilikuwa kimefika asilimia 61. Mgonjwa wangu akifika 85 mimi huwa nimeshamshika.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kitabu hakitoshi. Dalili hazifanani. Jirani yangu alishikwa ganzi midomoni, mwingine alikasirika, mwingine aliona giza pembeni mwa macho. Lakini mtu yule yule, akikosa oksijeni tena, kwa kawaida hurudiwa na zake zile zile. Dalili yangu ni furaha, na nisingeijua kwa kuisoma popote. Hewa ikitoka kwa kishindo chomboni, kila mtu atajua. Ikivuja polepole, inakubembeleza kwanza. Wanaanga watatu wa chombo cha Kisovieti Soyuz 11, Dobrovolsky, Volkov na Patsayev, walikufa tarehe 30 Juni 1971 kwa sababu ya vali iliyofunguka wakirejea, nao hawakuwa na suti za kuwalinda. Wao walikuwa na sekunde tu. Mhudumu wa leo ambaye chombo chake kinavuja polepole atakuwa na dakika chache, na dakika hizo atazitumia vizuri akiwa tu anaijua dalili yake.

Kurudi chini ndiko kunakouma masikio. Mjomba wangu, mzamiaji wa kamba mawe, alinifundisha nikiwa na miaka 10: bana pua, puliza taratibu, usingoje maumivu. Mafua kidogo tu, usiingie, hata kama umeshalipa.

Siku iliyofuata ilikuwa ya sentrifuji, kijumba kilichofungwa kwenye ncha ya mkono unaozunguka. Nguvu ikikusukuma kutoka kichwani kwenda miguuni, damu hukimbia chini na macho huanza kupoteza rangi. Unakaza miguu, mapaja na makalio, unafunga pumzi, unaiachia na kuivuta haraka kila sekunde 3. Ikikusukuma kifuani ni habari nyingine. Kwa G 6, yaani mara 6 ya uzito wa kawaida, kilo zangu 64 zinakuwa kama 384, na mbavu hazipandi. Unapumua kwa tumbo. Usigeuze kichwa kabisa, maana ukigeuza utaamini unapinduka. Wanaosema abiria wa kawaida hahitaji haya wakumbuke Aprili 2008, Soyuz TMA-11 iliposhuka vibaya na Yi So-yeon wa Korea Kusini, Peggy Whitson na Yuri Malenchenko wakapigwa na zaidi ya G 8.

Ushauri wangu kwa mhudumu: usizungushwe bure. Omba kazi ya kichwa na mikono humo ndani. Mimi nilipewa orodha ya hatua za kusoma kwa sauti na swichi za kubonyeza, na nikaruka hatua mbili. SpaceShipTwo, chombo cha kibiashara cha anga za juu, ilipovunjika hewani tarehe 31 Oktoba 2014 na rubani msaidizi Michael Alsbury akafa, wachunguzi wa Marekani waliona kwamba alifungua kufuli ya mkia mapema mno, akiwa amebanwa na muda, mtikisiko na mgandamizo wa kasi ambao hakuwa ameupitia karibuni. Kifaa cha mazoezi hakikuwa kikitikisika hivyo. Habari hiyo sikuweza kuisoma tena kwa macho yale yale.

Ndege ya kupanda na kushuka kama wimbi, inayokupa hali ya kutokuwa na uzito, niliiacha ya mwisho, nayo ilimeza akiba ya miaka miwili. Mawimbi 15, kila moja sekunde 20 na ushei, jumla dakika chache mno. Wimbi la kwanza lala chali, kazia macho sehemu moja, kunywa dawa ya kichefuchefu kabla. Ni raha kubwa, sikatai. Ila nilikata tiketi ya burudani wakati nilihitaji nafasi ya utafiti, ambako unafungiwa kona na vifaa vyako. Nilitaka kujifunza kufunga mkanda wa kuzuia damu kwenye mkono wa mwanasesere, na kila nikijaribu mkanda unakwenda huku, mimi nakwenda kule. Nilifaulu mara moja, wimbi la 13, baada ya kunasa miguu chini ya kamba ya sakafuni.

Kama una pesa za kitu kimoja tu, nenda chumbani. Ukiwa na za viwili, ongeza sentrifuji. Ndege ingoje. Mwezi wa nne ninarudi chumbani, safari hii na mwenzangu wa zamu, kwa sababu nataka naye aijue dalili yangu. Nimeshamwambia: siku ukiniona nimefurahi bila sababu, usiniulize, nivishe barakoa.