Shela, Mokowe au Mkomani: uzoefu wangu wa kuchagua mtaa kwa safari ya kazini

Kwa miaka sita kazi yangu ilikuwa ndani ya mji wa Lamu, mwendo wa dakika saba kwa miguu kutoka nyumbani kwetu Langoni, na kwa hiyo sikuwahi kuihesabu safari ya kazini kuwa ni safari. Mambo yalibadilika nilipopewa barua ya uhamisho kwenda Mokowe, ng'ambo, upande wa bara, na katika mwezi uleule mwenye nyumba akaitaka nyumba yake kwa ajili ya harusi ya bintiye. Ikanibidi kutafuta nyumba huku nikitafuta na njia ya kufika kazini. Katika miezi kumi na sita iliyofuata nimepanga Shela, kijiji cha kisiwani nje kidogo ya mji, nikapanga Mokowe penyewe, na sasa ninaishi Mkomani, mtaa wa mjini Lamu. Kila mtaa nimeuishi kwa fedha zangu na kwa uchovu wangu, na ninayoyaeleza hapa ni ya mtu anayetakiwa kuwa mezani saa mbili kamili asubuhi na anayetoka saa kumi na moja jioni, wala si ya mgeni wa mapumziko.

Anayetoka Mombasa au Nairobi akisikia habari ya msongamano wa asubuhi hufikiria foleni ya magari. Kwetu kisiwani msongamano ni ngazi za gati kuu kati ya saa moja na saa mbili kasorobo, wakati walimu, makarani, wauguzi na mafundi wanaovuka kwenda bara wanapokutana na wale wanaoshuka na magunia ya mboga kutoka bara. Jambo ambalo sikulielewa mapema ni kwamba huo msongamano ni neema. Boti ya abiria haiondoki kwa saa, inaondoka ikijaa. Na kwa kuwa asubuhi watu ni wengi, unaweza kuketi, ukafunga jaketi ya kuokoa maisha, na kabla hujamaliza kutafuta nauli mkobani, baharia ameshafungua kamba. Taabu huanza watu wanapopungua. Ukichelewa ofisini hadi saa kumi na mbili, utaketi katika boti hiyohiyo pamoja na watu wanne, mkisubiri wa sita hadi wa kumi ambao labda hawapo, na mwishowe mtachangishana kuikodi boti nzima. Kwa hiyo swali la kumuuliza dalali halihusu umbali wa nyumba kutoka kazini. Muulize utavuka mara ngapi, na kila mara utakayovuka, boti hiyo itajazwa na nani saa ile unayoihitaji.

Shela niliipenda tangu siku ya kwanza, na kosa langu lilitokana na siku hiyohiyo. Dalali alinipeleka kuona nyumba siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi, tukapita ufukweni kwa miguu kutoka mjini, kiasi cha kilomita 3. Maji yalikuwa yamekupwa mbali kabisa, mchanga umetanda mgumu kama uwanja wa mpira, watoto wanakimbizana, na upepo unapiga kwa ustaarabu. Tulitembea dakika arubaini tukizungumza bila hata kuvua viatu. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na kipaa, yaani paa la juu la kukaa, kinachotazama kisiwa cha Manda, na maji ya kisima yalikuwa matamu, jambo ambalo aliyezoea visima vya chumvi vya mjini hawezi kulidharau; machuguu ya mchanga ya Shela ndiyo yanayohifadhi maji baridi yanayonywewa na mji mzima wa Lamu. Nilikubali siku hiyohiyo, ingawa kodi ilizidi ile ya Langoni kwa karibu nusu, kwa sababu Shela unashindania nyumba na wageni.

Laiti ningekumbuka niliyofundishwa na babu yangu, aliyekuwa mvuvi, nisingelipa kodi ya miezi mitatu mbele. Siku ile ilikuwa mwezi pili, yaani siku ya pili tangu mwezi kuandama, wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Katika pwani yetu, bamvua la mwezi mwandamo na la mwezi mpevu lina tabia moja isiyobadilika: maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na hujaa kabisa mnamo saa kumi alasiri, kisha kila siku inayofuata hujaa kwa kuchelewa takriban dakika 50. Maana yake ni kwamba kwa siku nne au tano tangu mwezi kuandama, na siku nyingine kama hizo tangu mwezi mpevu, maji hujaa kati ya saa kumi na saa moja jioni, wakati uleule ambao mfanyakazi anarudi nyumbani. Ufuko ule mpana niliopitishwa asubuhi ungekuwa chini ya bahari jioni yake. Simlaumu dalali kwa kutonieleza, maana na mimi ni mtoto wa Amu, yaani Lamu. Lakini nimegundua kwamba hakuna dalali anayeonyesha nyumba ya Shela saa kumi na mbili jioni ya mwezi tatu.

Kutoka Shela kwenda Mokowe nilihitaji boti mbili: ya kwanza hadi gati la mjini, ya pili kuvuka kwenda bara. Asubuhi sikuona tabu kubwa. Niliondoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu, boti ya Shela ikajaa upesi kwa wanafunzi na wafanyakazi, na saa mbili kasoro dakika kumi nilikuwa nikipanda ngazi za Mokowe. Jioni ndiyo iliyonishinda. Boti ya kutoka Mokowe hujaa vizuri hadi kama saa kumi na moja na nusu, lakini nikifika mjini saa kumi na mbili nilikuta watu wa Shela wenye akili zao wameshakwenda.

Jioni moja ya mwezi wa Julai, kusi, ule upepo wa kutoka kusini, limekaza, nilikuta boti ya Shela ina abiria watatu. "Subiri kidogo, dadangu, wakija wanne tu tunaondoka," nahodha akaniambia, na wala hakuwa na neno baya, kwa kuwa mafuta ananunua yeye. Nilisubiri robo saa, hawakuja, nikaamua kwenda kwa miguu. Nilipofika sehemu ambapo ukuta unakaribia bahari, mawimbi yalikuwa yakipiga jiwe na kurudi. Nilipandisha buibui, nikaushika mkoba kifuani na viatu mkononi, nikahesabu mawimbi matatu, nikavuka sehemu ya kwanza. Sehemu ya pili sikuhesabu vizuri. Maji yalinifika kiunoni, mkoba ukalowa, na ndani yake mlikuwa na hati za malipo za mwezi mzima ambazo nilikuwa nimezichukua nizikamilishe nyumbani. Bibi mmoja aliyeketi barazani juu yangu alinipigia kelele, "Mwanangu, rudi, mai yamejaa!" Nilirudi, nikapanda barazani kwake, akanipa kanga kavu, nikaketi hadi saa mbili na nusu usiku maji yalipoanza kuachia njia. Hati nilizianika juu ya kipaa kwa siku mbili, kila karatasi na jiwe lake, na mkuu wangu wa kazi alizipokea bila kuuliza kwa nini zinanuka mwani.

Ipo njia ya nyuma, ya mchanga, na bodaboda huipita. Niliitumia mara kadhaa. Inafaa kwa dharura, lakini kwa mwanamke aliyebeba mkoba gizani, kila siku, sikuiona kuwa jibu. Na kusi lenyewe lina hesabu yake, kwa sababu Shela iko mdomoni mwa mkondo, karibu na bahari kuu, na kuanzia Mei hadi Agosti boti huruka pale kuliko mahali pengine popote katika safari nzima. Anayefanya kazi Shela kwenyewe, au asiyefungwa na saa za ofisi, asisome haya akaogopa. Mtaa ni msafi, msikiti wake wa Ijumaa wenye mnara wa zamani unaonekana ukiwa bado mbali majini, na usiku ni kimya. Mimi nilikaa miezi minane, nikaondoka.

Nikahamia Mokowe kwa hoja iliyoonekana haina jibu: kama kuvuka ndiko kunakochosha, basi nisivuke. Kutoka chumbani hadi ofisini zilikuwa dakika nane kwa miguu. Nilikuwa nikirudi kula chakula cha mchana nyumbani. Kodi ilikuwa nafuu, ingawa tangu gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilipofunguliwa tarehe 20 Mei 2021 wenye nyumba wengi huitaja bandari kabla ya kutaja bei. Kwa mtu mseja au mtumishi aliyeletwa kutoka mbali, Mokowe inatosha, na barabara ya lami kwenda mji mdogo wa Hindi na Mombasa iko mlangoni pake.

Kosa langu huko lilikuwa kwamba niliipima safari ya mtu mmoja tu ndani ya nyumba. Mume wangu ni fundi seremala mjini. Madrasa ya watoto iko mjini. Mama yangu yuko Langoni. Niliishusha safari mabegani mwangu nikaitwika familia nzima. Kila asubuhi mimi nililala hadi saa moja, na wao watatu walikuwa gatini saa kumi na mbili na nusu, wakivuka kinyume na umati, jambo linalomaanisha kwamba boti yao ya kwenda mjini wakati mwingine ilichelewa kujaa. Mwana wangu mdogo alikuwa akisinzia begani kwa baba yake kabla hawajavuka mikoko. Mwezi wa Ramadhani ukatumalizia maneno. Wakati huo ofisi hufungwa mapema na kila mtu aliye bara anataka kufuturu kisiwani, kwa hiyo boti zote hukimbilia mjini zimejaa, na za kurudi Mokowe karibu na magharibi ni chache mno, maana nahodha naye ana futari yake inamngoja. Mara tatu katika wiki ya kwanza mume wangu na watoto walifuturu kwa mama, wakalala hukohuko, nami nikala tambi zangu peke yangu. Tulikaa miezi mitatu.

Hindi sikuijaribu kwa kuishi. Niliipima tu kwa siku mbili za safari, nikaona kwamba kwa mtu wa Mokowe asiye na haja ya kisiwani ni mahali pazuri pa kujenga, lakini kwetu ingeongeza gari juu ya boti.

Sasa tuko Mkomani, ghorofa ya juu ya nyumba ya zamani ya mawe, dakika tano kutoka gati kuu. Uzuri wake ni huu: nina kivuko kimoja tu, nakivuka pamoja na umati asubuhi na pamoja na umati jioni, na maji yakijaa au yakipwa, gati liko palepale. Siku chache kabla ya bamvua, maji yanapopwa asubuhi, boti hukaa chini sana na ngazi za chini zina utelezi, kwa hiyo ninavaa viatu vya mpira na kubeba vya ofisini katika mfuko. Hilo ndilo tatizo kubwa la bahari nililobaki nalo. Kutoka mlangoni hadi mezani hesabu yangu ya kawaida ni dakika hamsini, na siku mbaya ni saa moja na robo.

Sitasema Mkomani haina kasoro. Maji ya kisima chetu ni ya chumvi na tunanunua ya kunywa. Ngazi za nyumba ni za mwinuko mkali na jokofu letu lilipandishwa kwa kamba kupitia dirishani. Na saa moja asubuhi, wakati mimi nashuka kwenda gatini, punda wa mchanga na mawe wanapanda kutoka pwani kuelekea Usita wa Mui, njia kuu ya ndani ya mji. Uchochoro wetu unatosha punda mmoja mwenye shehena, au mtu mmoja mwenye haraka. Haviwezi kupita vyote viwili. Ukisikia "Simile! Simile!" kutoka upande wa pili wa kona, una muda wa kurudi nyuma hadi kwenye daka, yaani kibaraza cha mlangoni, la jirani na kusimama ubavu, buibui limekusanywa, huku magunia yakikusugua tumboni. Nimejifunza kutoka dakika kumi kabla yao. Jirani yangu, ambaye ameishi hapa tangu kuzaliwa, huacha mlango wa daka wazi saa hiyo ili wapitao wajibanze, na tumekuwa tukisalimiana hapo kila siku hata tukajuana kwa habari za watoto.

Kwa anayetafuta nyumba sasa, ombi langu ni moja. Mwambie dalali akuonyeshe nyumba siku ya kazi, saa kumi na moja na nusu jioni, kati ya mwezi mosi na mwezi tano wa kuandama, na wewe ukiwa umevaa viatu vya ofisini na kubeba mkoba wako mwenyewe. Akikwambia siku hiyo hana nafasi, mwulize ni kwa nini. Mimi mkataba wa Mkomani nimeuongeza mwaka mmoja zaidi, pamoja na nyongeza ya kodi ambayo sikuifurahia, na kalenda ya miezi ya Kiislamu imetundikwa jikoni kando ya ile ya ofisi.