Pentax Papilio II 6.5x21: darubini ya kereng'ende kando ya Ziwa Rutamba

Darubini nyingi za kutazamia ndege hukataa kulenga kitu kilicho chini ya mita mbili. Kereng'ende akitua kwenye tete mbele ya goti lako, unaona ukungu mtupu. Hii inalenga hadi nusu mita, kwa kuwa lenzi zake za mbele husogeleana unapozungusha gurudumu la kulengea. Uzito wake ni kama gramu 290, shingo haichoki.

Ukingoni mwa Rutamba, mkoani Lindi, inajilipa kwa kereng'ende wekundu, ambao kwa macho matupu wote ni wamoja. Anza na miguu. Dume wa Crocothemis erythraea ana miguu myekundu na tumbo pana lililobapa (tumbo, ndiyo, si mkia). Dume wa Trithemis arteriosa miguu yake ni myeusi, tumbo ni jembamba lenye weusi ubavuni kuelekea mwisho, na mishipa ya mabawa ni myekundu. Mishipa hiyo kamera ya simu haikupi ukiwa mita mbili.

Brachythemis leucosticta hatafutwi. Anakufuata mwenyewe, akidaka vidudu unavyovitimua kwa miguu, kisha anatua chini. Mlenge hapo hapo: dume ana mkanda mweusi katika kila bawa, na karibu na ncha kidoa cha rangi mbili, krimu na kahawia.

Kosa la wengi ni kuzungusha gurudumu huku mdudu yuko mbele yao. Mpaka picha itulie, ameshaondoka. Lenga kwanza jani lililo umbali wa mita moja, acha gurudumu, kisha sogea wewe polepole hadi aonekane vizuri. Kivuli chako kisimguse. Saa nne hadi saa nane mchana ndiyo saa zao. Wingu likifunika jua, wengi hutulia majanini.

Kwa Pantala flavescens, wale wanaozunguka hewani makundi makundi msimu wa mvua, usijisumbue: hutua kwa nadra, na uwanja wa kuonea ni mdogo. Lenzi za milimita 21 nazo hufifia jioni.

Haizuii maji. Kwa unyevu wa pwani yetu, ihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya punje vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Ipo pia ya 8.5x21, inayokuza mara 8.5 badala ya 6.5, lakini inakuza na mtikisiko wa mkono. Chukua ya 6.5.