Bodi yunivaso ya mashine ya kufulia, ununue au uache?

Haya wadau karibuni tena. Leo mezani kuna hii bodi yunivaso, yaani saketi ya kuendesha mashine inayofungika kwenye mashine za kufulia za aina nyingi, zile za mfuniko wa juu, siku hizi ukipita maduka ya spea Kariakoo zimening'inia kila kona. Inakuja na kidispleii chake, vitufe, waya zimeshafungwa soketi, na karatasi ya mchoro ambayo maelezo yake nayo Mungu anajua. Bei haifiki hata nusu ya orijino ndo maana mafundi wanaipenda.

Ila kabla sijaisifia wala kuiponda, usinunue bodi eti kwa sababu fundi kakwambia bodi imekufa. Muulize kapima nini. Mashine ikigoma tu utasikia "bodi hiyo bosi", kumbe kilichokufa ni valvu ya kuingiza maji.

Mashine hii hapa nyuma yangu, mwenye nayo analalamika akiwasha tu inaanza kuzunguka kabla hajabonyeza chochote, halafu ikifika wakati wa kugeuka upande wa pili inanguruma tu. Nachomoa plagi, narudia, NACHOMOA, halafu kapasita ya mota, kile kifaa kinachotunza umeme, naiondoa chaji kwa rezista, kifaa cha kupunguza umeme, maana ile inakaa na umeme hata plagi ukiwa umeishika mkononi. Mita naweka kwenye omu, kipimo cha ukinzani wa umeme. Mota ina waya tatu, mmoja wa pamoja, mwingine wa kuzungusha kulia na mwingine kushoto. Kutoka ule wa pamoja kwenda kwa kila mmoja inatakiwa zilingane au zikaribiane sana, na ukipima hizo mbili zenyewe kwa zenyewe unapata jumla yake. Hapa zinalingana, mota nzima. Valvu ya maji inasoma omu elfu nne na kidogo, nayo nzima.

Sasa bodi. Mnaona hizi nyeusi za miguu mitatu? Ni traiaki, swichi za kielektroniki, moja inapeleka mota kulia, nyingine kushoto. Hii haisomi kitu kwenye miguu ya kupitisha umeme, sawa. Hii sasa, sikilizeni... piiii. Imeshoti. Yaani upande huo mota inapata umeme muda wote, bodi ikijaribu kugeuza pande zote mbili zinapata kwa pamoja ndo ule mngurumo.

Traiaki yenyewe bei yake ni ya soda. Tatizo ni hili ligundi laini walilomwagia kiwandani bodi nzima kuzuia maji, mende nao wanapita tu wanavyotaka, na ukianza kukwangua kufika chini unang'oa na njia za shaba. Mwenye subira atafanya, mimi kwa kazi ya mteja nilishakata tamaa nayo.

Na kama yako haiwaki kabisa, usiruke moja kwa moja kununua, pima fyuzi, pima ile rezista ndogo inayoingiza umeme, halafu kale ka IC ka pawa, ile chipu inayolisha bodi umeme, mara nyingi utakuta kimeandikwa LNK304 au VIPer12A, ndo vinavyokufa umeme ukikatika na kurudi kwa fujo. Halafu hapa watu wanapigwa shoti bure, ile volti 5 ya bodi hizi nyingi haijatenganishwa na umeme wa ukutani, ikiwa kwenye plagi usiiguse ukijiambia ni volti 5 tu.

Tuje kwenye yunivaso yenyewe. Kuifunga sio kazi, lehemu zimetulia, vitufe vinabonyezeka vizuri. Kinachouma ni sensa ya kiwango cha maji. Kuna mashine zina sensa ya waya tatu inayotuma mawimbi ya frikwensi inayobadilika, na kuna zenye swichi ya kawaida ya kuwaka na kuzima, bodi ya hii haielewi ile, kwa hiyo toa sensa yako uende nayo dukani mkononi. Hivyohivyo kile kimota kinachovuta valvu ya kutoa maji, vingine vinatumia AC vingine DC, soma lebo yake kabla hujaunga. Mimi hapa zote zimekubali, imefua, imemwaga, imekamua vizuri tu. Nisichopenda, umeme ukikatika haikumbuki ilipoishia, inaanza upya kujaza maji, na kengele yake ya kumaliza jamani mtaa mzima utajua umefua.

Kwa mashine ya mota ya kawaida naipa alama nzuri. Mashine ya inverta, ile ambayo mota yake inaendeshwa na bodi maalumu ya kubadili kasi, achana nayo kabisa, yunivaso haiwezi kuiendesha ile mota, na usidanganyike kwa kuhesabu waya kwa sababu nayo ina waya tatu. Fungua nyuma uangalie, kama huoni kapasita ya mota, basi hela yako iache mfukoni.