Mto wa Tangawizi: uzoefu wangu na darasa la tafti hapa Tanga

Darasa hili nililisoma kwa ajili ya mtu mmoja, na mtu huyo haoni. Atakayesoma maoni yangu ajue hilo tangu mwanzo, kwa sababu mto nilioutengeneza haukupimwa kwa macho. Aliupima mama yangu kwa vidole.

Mama alipoteza nuru kwa presha ya macho, huu mwaka wa sita. Tulikuwa na paka, dume la rangi ya chungwa lenye mistari, jina lake Tangawizi. Kila baada ya Isha alikuwa akipanda kitandani na kujikunja ubavuni kwa Mama, upande wa kushoto, na Mama akimpapasa mpaka usingizi umchukue. Alikufa Shaaban iliyopita, ana miaka 13. Miezi ikapita, na bado Mama akikaa kitandani mkono wake wa kushoto ulikuwa unakwenda palepale, unagusa shuka, unarudi. Paka mwingine hakumtaka. Nikasema basi, mimi ni fundi wa mito na mapazia, kazi ya mikono ninaijua, sitashindwa kumtengenezea mto wa umbo la Tangawizi.

Shida ilikuwa manyoya. Vitambaa vya manyoya vinavyouzwa madukani kwetu Ngamiani vinateleza mno, na rangi ile ya chungwa yenye mistari sikuipata. Ndipo mteja wangu mmoja akaniambia kuna kijana Chumbageni anafundisha tafti, ile kazi ya kutengeneza mazulia kwa mashine ya mkononi. Siku mbili, Jumamosi na Jumapili, shilingi 150,000, ndani yake umo uzi, kitambaa, gundi na matumizi ya mashine. Tulikuwa wanafunzi wanne, kila mmoja na fremu yake. Wenzangu walitengeneza vizulia vya mlangoni. Mimi peke yangu nilikwenda na picha za paka, ya mbele, ya ubavu na ya mgongoni, pamoja na vipimo nilivyokadiria kwa kumuuliza Mama: "Alikuwa anakufika wapi akijikunja?" Akanionyesha kwa mikono, sentimita 40 na ushee.

Kwa asiyejua, tafti ni kupandikiza uzi kwenye kitambaa kwa sindano ili usimame upande wa pili kama nyasi. Kazi hii ilianza kwa mkono. Fundi alitusimulia habari za binti wa Marekani, Catherine Evans, wa mji wa Dalton katika jimbo la Georgia, ambaye mwaka 1895 alitengeneza tandiko la kitanda kwa kushona nyuzi nene kwenye kitambaa cha pamba kisichopaushwa, akazikata ncha zifumuke, kisha akakifua kwa maji moto ili kijikaze na kuzishika. Mwaka 1900 akauza tandiko lake la kwanza kwa dola 2 na nusu. Mji ule leo ni mji wa mazulia. Kisa hiki nimekiweka hapa kwa sababu kilinipa wazo, na wazo lenyewe likaniponza, kama nitakavyoeleza.

Mashine yenyewe ina umbo la drili. Mbele ina mguu bapa, na katikati ya mguu inatoka sindano nene yenye uwazi kama bomba. Uzi unapita kwenye kijitundu cha juu, unaingia kwenye sindano, na ndani mna mkasi mdogo unaofunguka na kufumba kwa kasi ambayo jicho haliifuati. Sindano ikitoboa kitambaa, mkasi unakata, kishungi kinabaki upande wa pili. Zipo aina mbili, ya kukata na ya kitanzi. Ya kukata inatoa manyoya. Ya kitanzi inaacha uzi umejikunja bila kukatwa, na hiyo nilitumia ndani ya masikio tu.

Kinachochoka ni mkono. Lazima uukandamize mguu wa mashine kwenye kitambaa muda wote, na uende upande ule mashine inakoelekea, kwa kawaida kutoka chini kwenda juu. Ukilegeza kidogo, uzi unachomoka. Ukiivuta mashine ubavuni bila kuigeuza, inachana kitambaa. Uzi nao usikwame popote. Fundi alitufanya tuviringe madonge yote upya kabla ya kuanza, uzi utoke kwa ulaini, tena nyuzi mbili kwa pamoja. Saa ya kwanza niliona ananipotezea muda. Jirani yangu alipokwamisha donge moja na kupata kipara cha inchi nzima kwenye zulia lake, nikamwelewa. Kwa ufundishaji wa mashine yenyewe ninampa alama zote. Ana subira, anakushika kiwiko na kukuonyesha uzito wa kuegemea, wala hakunyang'anyi kazi ukikosea.

Sasa nirudi kwenye kilichoniponza. Kitambaa cha tafti kimefumwa kwa nafasi, nyuzi zake zinapisha sindano na kurudi kuubana uzi. Bei yake si ndogo, kwa sababu kinaagizwa. Niliposikia yule binti alitumia pamba isiyopaushwa, nikakumbuka ile pamba ya marekani iliyojaa dukani kwangu. Usiku wa Jumamosi nikaikaza kwenye fremu ikawa kama ngoma, Jumapili asubuhi nikaipiga mashine. Mistari miwili tu, ikachanika kama karatasi. Marekani imefumwa kwa kubana, sindano haipati pa kupenya, inakata nyuzi zenyewe. Yule binti alikuwa anashona kwa mkono, pole pole, na mkono unatafuta nafasi. Mashine haitafuti. Nunueni kitambaa kinachostahili.

Jumapili hiyohiyo umeme ukakatika saa nne asubuhi, ukarudi saa saba. Mashine hizi hazina betri. Saa tatu tulikaa tukikata nyuzi zilizozidi kwa mkasi, na mwisho wa siku ubavu mmoja wa Tangawizi haukuwa umejazwa. Fundi alinikaribisha Jumatatu nimalizie bila malipo, nami ninamshukuru, lakini nilifunga duka langu siku nzima. Anayesafiri kutoka Muheza au Pangani ajiandae kwa hilo. Tanga ni waja leo waondoka leo, ila kwa kazi hii weka siku ya tatu.

Hapa ndipo darasa lilipoishia na mimi nikabaki na kazi yangu. Zulia ni kitu bapa. Ukishapaka gundi na kukata kingo umemaliza. Mto wa umbo la mnyama unataka vipande. Mimi nilikata sita: mbavu mbili zinazotazamana, mkanda wa kuzunguka mgongo na tumbo, uso, na masikio mawili. Mkanda ndio unaoleta unene. Bila huo unapata paka aliyelaliwa na gari. Fundi hakuwahi kushona mto wa namna hii, akaniambia nipake gundi ya mpira mgongo wote wa kazi, mpaka kwenye kingo, kama zulia. Nikamtii. Ilipokauka, kingo zikawa ngumu kama ngozi ya kiatu. Sindano mbili za cherehani zilivunjika nikiunga ubavu na mkanda, na penye mviringo wa mgongo kitambaa kilikataa kabisa kupinda.

Ubavu wa pili nikaufanya kwa akili ya fundi cherehani. Nikaacha nafasi ya mshono ya sentimita 2 na nusu isiyo na tafti wala gundi, na kwingineko nikapaka gundi nyembamba kwa kipande cha kadi, kiasi cha kuushika uzi tu. Mistari nayo nikaiachanisha kidogo, kwa sababu tafti iliyosongamana inageuka ubao. Penye mviringo nikatia vikato vidogo kila sentimita moja. Ukajipinda vizuri. Ule wa kwanza niliufumua wote nikaurudia. Na msiharakishe gundi: inatoa harufu kali, madirisha yawe wazi, na katika unyevu wetu huu wa baharini siku moja haitoshi. Ya kwangu ilichukua siku mbili na usiku wake, na ningeifanya wakati wa masika sijui kama ingekauka.

Uzi wa akriliki ulitumika karibu kilo moja. Baada ya kuunga vipande nilinyoa kwa mashine ya kunyolea nywele: kichwani nikashusha hadi sentimita moja, kifuani nikaacha mrefu. Mpakani mwa mstari wa chungwa na mweupe unachanua kwanza kwa ncha ya mkasi, la sivyo rangi zinaingiliana. Halafu jambo ambalo darasani halikutajwa, nami nililigundua kwa kufumba macho na kupapasa. Tafti inasimama wima, na manyoya ya paka yamelala. Mkono unaojua paka hautadanganyika. Nikachukua brashi ndogo ya waya, nikachana kutoka kichwani kwenda mkiani, mara nyingi, mpaka nyuzi zikafumuka na kulala upande mmoja. Ukipapasa kwenda mkiani ni laini, ukirudi kichwani yanakusimamia vidoleni. Kazi hiyo peke yake ilinichukua jioni mbili.

Kujaza nilitumia sufi, ile iliyokuwa ikijazwa kwenye mito ya bibi zetu. Pamba ya viwandani inabonyea na kuruka juu kama mpira. Sufi inabonyea na kubaki kidogo, kama tumbo la mnyama aliyelala. Funika pua na mdomo, inapeperuka vibaya mno, na uiweke mbali na moto, inashika haraka. Ila sufi ni nyepesi, na paka ana uzito. Nikaongeza kifuko cha mchanga cha kilo moja na nusu tumboni, kitambaa mara mbili, mshono mara mbili. Mchanga wa pwani una chumvi, na chumvi inavuta unyevu, kwa hiyo niliuosha maji matatu, nikauanika, kisha nikaukaanga kwenye sufuria mpaka ukawa unatiririka. Chini nikaacha uwazi wa kiganja, nikaufunga kwa mkono kwa mshono uliojificha, ili siku ya kufua niweze kutoa vyote.

Kabla ya kumpa Mama nilimuuliza mjomba wangu, kwa sababu nyumbani kwetu sanamu za viumbe hatuweki, na sikutaka kumtia Mama shaka. Mjomba akanikumbusha pazia la Bibi Aisha lililokuwa na picha, likakatwa likafanywa mito, akasema kitu cha kulaliwa na kuegemewa si kama kitu cha kutukuzwa. Akaongeza kwamba wanazuoni wamehitilafiana, hasa kwa kitu chenye umbo kamili, nami macho nisiyaweke. Sikuyaweka. Uso una pua na mistari tu, na Mama hana haja ya macho yale.

Nilimwekea mapajani baada ya Isha bila kusema neno. Mkono wa kushoto ukaenda mgongoni, ukashuka mpaka mkiani, ukarudi, manyoya yakasimama. Akanyamaza. Akaupima uzito kwa viganja viwili. Kisha vidole vikapanda kichwani, vikashika sikio la kulia, vikakaa hapo.

"Hili silo," akasema. "Lililong'olewa ncha ni la kushoto. Alipigana na paka wa jirani, mimi ndiye niliyemfunga kitambaa."

Ni kweli. Katika tafti unafanya kazi mgongoni mwa kitambaa, na kila kitu kinatokea kinyume upande wa mbele. Fundi alitwambia siku ya kwanza: picha igeuzwe kwanza kabla ya kuichora. Uso niliugeuza, lakini alama za masikio, kushoto na kulia, niliziandika mgongoni nikisahau. Walioona mto, wote, hawakugundua. Usiku uleule nikafumua masikio yote mawili na kuyabadilisha.

Kwa jumla nimetumia shilingi 210,000 ukiweka sufi, brashi na zile sindano zilizovunjika, na siku 9 kutoka kuchora hadi kufunga. Anayetaka zulia, aende Chumbageni kesho, pesa yake haitapotea. Anayetaka mto wa umbo la mnyama aende pia, lakini awe anajua kushona, au aende na anayejua, na kingo asipake gundi hata akiambiwa. Nimezungumza na fundi juu ya hilo, akaja dukani akaukagua mshono mmoja kwa macho yake na kuandika vipimo.

Mama sasa anasema mkia ni mwembamba, Tangawizi alipozeeka ulikuwa umetuna pale shinani. Sufi imebaki nusu kiroba na uzi wa chungwa donge moja. Alhamisi nimeomba saa mbili za mashine.