Programu ya mauzo ya duka la pembejeo, Ngamiani: nyota mbili

Programu hii inatumika kwenye duka la pembejeo na dawa za mifugo hapa Ngamiani, Tanga. Kwa nje haina neno: risiti inatoka upesi, vitufe ni vikubwa, Kiswahili chake kinaeleweka. Mwenye duka aliniita kwa ajili ya madeni. "Mwanangu, deni la kuku lipo, la mbuzi lipo, la ng'ombe silioni. Hii kompyuta ina ugomvi na ng'ombe?"

Nikafungua msimbo, yaani maagizo yanayoendesha programu. Umeandikwa kwa lugha ya PHP, na kwa macho ni vurugu: vigeu (vile visanduku vya kutunzia thamani) vinaitwa aa, aa2 na jumla_mpya_mwisho, mistari imekaa shaghalabaghala, na juu ya faili moja pameandikwa "usiguse hapa". Hayo namsamehe aliyeiandika. Ni ya kufagia jioni moja, na duka halijapoteza hata shilingi kwa sababu yake.

Ubaya uko kwenye faili la mikopo, ambalo, ajabu yake, ndilo lililopangwa vizuri kuliko yote. Maelezo ya deni yanabandikwa moja kwa moja ndani ya amri ya SQL, lugha ya kuiagiza hifadhidata, ambayo hufungia maneno kwa alama ileile ya ritifaa. Binti wa kaunta akiandika "dawa ya kupe ya ng'ombe, atalipa Ijumaa", ile ritifaa ya ng' inafunga maneno kabla hayajaisha, amri inavunjika, hifadhidata inaikataa. Programu ingepiga kelele hapo, tungeshukuru. Lakini hitilafu inadakwa na kipande kisicho na kitu ndani, na mstari unaofuata unatoa maandishi ya kijani: "Deni limehifadhiwa."

Mdukuzi naye angeingilia mlango huohuo: anaandika ritifaa, kisha amri yake mwenyewe. Na PHP ina njia ya kutuma maelezo kando na amri tangu toleo la 5, mwaka 2004, kwa hiyo sioni kisingizio.

Kuna na bei ya jumla: kwenye risiti inaanzia katoni 10, kwenye ripoti 12. Kanuni moja imenakiliwa mara mbili, ikabadilishwa upande mmoja.

Huduma kwa simu ni nzuri, kijana anapokea hata Jumapili. Nilipomweleza, alirekebisha siku hiyohiyo: akaweka mstari wa kufuta kila ritifaa. Sasa madeni yanasoma "ngombe", na kile kipande kitupu kiko palepale. Mwenye duka nimemwambia mikopo yote iandikwe pia kwenye daftari la mkono.