Vifaa vya mchawi asiyelipia kwenye Old School RuneScape: kinunuliwe nini kwanza, kiachwe nini dukani

Mchawi anayeanza gemu la Old School RuneScape kwa akaunti ya bure ana vitu viwili tu vya kununua kwa uzito: fimbo na kidani. Kofia na joho vina mchango mdogo, na vazi la chuma halifai kabisa. Tathmini hii inapima vifaa hivyo kuanzia levo ya 1 hadi ya 55, kwa mahitaji ya mchezaji wa Mwanza: simu ya kawaida ya Android, bando la wiki, na mtandao unaoyumba kila unapoingia nyuma ya majabali.

Kuhusu mtandao, habari ni njema. Gemu hili la kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza, lilitoka 2013 na likaingia kwenye simu Oktoba 2018. Saa yake ya ndani hupiga kila baada ya sekunde 0.6, na matendo yote hufuata mapigo hayo. Uchawi wa kawaida hurushwa kila mapigo matano, yaani sekunde 3. Kwa hiyo kuchelewa kidogo kwa mtandao kutoka ukanda huu wa ziwa hadi Ulaya hakumwumizi mchawi kama kunavyomwumiza mchezaji wa gemu za kulenga na kufyatua. Kwenye orodha ya seva chagua zenye bendera ya Uingereza au Ujerumani. Za Marekani na Australia ziko mbali zaidi na utaliona hilo kwenye kila mguso.

Sasa vifaa. Kabla ya kununua chochote, ielewe hesabu moja, kwa sababu wachezaji wengi wapya hupoteza sarafu zao hapa. Uwezekano wa uchawi wako kumpata adui unatokana na levo yako kuzidishwa kwa jumla ya 64 na alama za shambulio la uchawi ulizovaa. Mtu asiyevaa kitu ana 64. Fimbo ya elementi (hewa, maji, ardhi au moto) huongeza 10, kidani cha uchawi huongeza 10, kofia ya buluu ya mchawi 2, joho lake 3. Ukivaa vyote vinne unafika 89. Ukivaa fimbo na kidani peke yake una 84. Kofia na joho, basi, vinakupa nyongeza ya karibu asilimia 6 tu juu ya hapo. Si vibaya kuvivaa, ni rahisi na vinapendeza, lakini visikucheleweshe kupata fimbo.

Chuma hufanya kinyume. Bamba la kifua hupunguza 30, suruali ya chuma 21, ngao ndefu 8, kofia nzima ya chuma 6. Jumla ni 65. Aliyejifunika chuma mwili mzima huku ameshika fimbo na kuvaa kidani anabaki na 19 badala ya 84, na akiviacha fimbo na kidani hesabu inashuka chini ya sifuri: uchawi unaruka, unapasuka, hamna kitu. Hata suruali peke yake inatosha kufuta faida yote ya fimbo na kidani, maana 84 ukitoa 21 ni 63, chini ya yule aliyekuja mikono mitupu. Ngozi ya joka ya kijani nayo si rafiki wa mchawi: ya kifua hupunguza 15, ya miguu 10, ya mikono 10. Ukiona uchawi wako haupati, kagua miguuni kwanza. Suruali ya chuma huwa imesahaulika pale tangu siku za upanga.

Jambo jingine ambalo maelezo ya dukani hayalisemi wazi: kwa akaunti ya bure, vifaa hivi huongeza kulenga tu. Haviongezi ukubwa wa pigo. Ukubwa wa pigo unatokana na uchawi unaorusha na levo yako. Kwa hiyo anayekuuzia joho kwa ahadi kwamba litapiga zaidi, anakudanganya.

Fimbo ndiyo kifaa cha kuchagua kwa makini, na sababu si zile alama 10. Sababu ni runi, yaani vijiwe vya uchawi. Kila uchawi hula runi, na fimbo ya elementi hutoa runi za elementi yake bila kikomo. Duka la Zaff mjini Varrock huuza nne: ya hewa, ya maji, ya ardhi na ya moto, kila moja sarafu 1,500. Linganisha na bei ya Grand Exchange, soko la wachezaji wenyewe, kabla hujalipa. Hazidai levo yoyote na hushikwa kwa mkono mmoja. Ya maji na ya ardhi ziache kwa sasa. Swali ni hewa au moto.

Staff of air, fimbo ya hewa, inafaa tangu dakika ya kwanza. Pigo la upepo, Wind Strike, hula runi moja ya hewa na moja ya akili. Ukishika fimbo hii unalipia ile ya akili tu, ambayo kwenye duka la Aubury, pia Varrock, huanzia sarafu 3. Tangu mabadiliko ya mapigano ya 2024 nguvu ya juu ya pigo hili hupanda pamoja na levo yako: 2 mwanzoni, 4 ukifika levo ya 5, 6 ukifika 9, na 8 ukifika 13. Yaani kwa levo ya 13 pigo la sarafu 3 linauma sawa na pigo la moto.

Kwa nini basi ununue Staff of fire? Kwa sababu ya uzoefu, yaani alama zinazopandisha levo yako. Kila urushaji hutoa uzoefu wa msingi hata ukikosa: pigo la upepo hutoa 5.5, pigo la moto, Fire Strike, 11.5. Juu yake unapata 2 kwa kila alama ya dhara. Pigo la moto hula runi tatu za moto, mbili za hewa na moja ya akili. Ukiwa na fimbo ya moto unalipia hewa mbili na akili moja, sarafu 11 kwa bei za kuanzia za dukani. Ukiwa na fimbo ya hewa unalipia moto tatu na akili moja, sarafu 15. Tofauti ya sarafu nne inaonekana ndogo mpaka uizidishe mara elfu.

Ushauri wetu ni huu: hewa mpaka levo ya 13, kisha moto moja kwa moja, na fimbo ya moto usiiuze mpaka mwisho. Mwenye sarafu chache sana anaweza kubaki na hewa muda mrefu zaidi. Atapanda polepole, lakini atapanda.

Sarafu za kuanzia zinapatikana bila kuchimba madini siku nzima. Shimo la Stronghold of Security lililo Barbarian Village hutoa 2,000 kwenye ghorofa ya kwanza, 3,000 ya pili na 5,000 ya tatu. Jumla 10,000, mara moja tu kwa akaunti. Milango yake huuliza maswali ya usalama wa akaunti, yasome vizuri kwa sababu majibu yenyewe yana faida. Ghorofa ya tatu ina buibui wakubwa wanaoshambulia bila kuchokozwa, kwa hiyo jaza mkoba samaki waliopikwa. Ukitoka, toa 3,000 za fimbo mbili, nunua kidani, na kinachobaki kiende kwenye runi. Kabla hujarusha pigo lolote, fanya misheni mbili. Imp Catcher hudai shanga nne za rangi, ambazo unaweza kuzinunua Grand Exchange, na hutoa uzoefu 875. Witch's Potion hudai kitunguu, mkia wa panya, nyama iliyoungua na jicho la nyuti (Eye of newt), na hutoa 325. Mbili hizo zinakupeleka levo ya 10 bila runi hata moja. Zimebaki levo tatu kufika kwenye moto.

Kidani hakina mjadala mrefu. Amulet of magic ni kidani cha yakuti kilichorogwa, na kinaongeza 10. Amulet of power huongeza 6 kwa kila aina ya shambulio na ulinzi, kwa hiyo kinamfaa anayebadilisha upanga, upinde na uchawi. Kwa anayetumia uchawi peke yake, 10 ni bora kuliko 6, na huwa nafuu.

Tujaribu hesabu ya mzigo mmoja. Kutoka levo ya 13 hadi 35 kuna uzoefu 20,573. Nunua runi za akili 1,300 na za hewa 2,600 ukiwa na fimbo ya moto. Kwa bei za kuanzia za dukani hiyo ni sarafu 14,300, lakini duka hupandisha bei kadiri akiba inavyopungua, hivyo mzigo mkubwa tafuta Grand Exchange. Urushaji 1,300 wa sekunde tatu tatu ni dakika 65 za kurusha mfululizo.

Mahali pa kufanyia kazi hiyo ni ghorofa ya juu ya Wizards' Tower, kusini mwa Draynor. Pale yupo pepo mdogo aliyefungiwa kizimbani, levo ya 82 na uhai 79. Hakufikii, wewe unamfikia. Kwa mtu wa mtandao wa kukatikakatika hii ndiyo sehemu salama kuliko zote, kwa sababu mtandao ukipotea katikati ya pigano la kawaida mhusika wako hubaki uwanjani akipigwa, lakini pale hakuna wa kumpiga. Shida yake ni msongamano, basi hama seva mpaka ukute nafasi. Anachodondosha huwezi kukiokota mpaka levo ya 33, utakapopata uchawi wa kuvuta vitu kwa mbali.

Kwenye simu, kuweka urushaji wa moja kwa moja kuna mtego. Ukifungua ukurasa wa mapigano ukiwa umeshika fimbo, utaona vitufe viwili vya uchawi, kimoja kina alama ya ngao. Chenye ngao hugawa uzoefu: badala ya 2 kwa kila dhara unapata 1.33 ya uchawi na 1 ya ulinzi. Vitufe vimekaribiana na kidole hukosea. Gusa kisicho na ngao, rusha mara tatu, kisha tazama kama uzoefu wa ulinzi umesogea. Na kila unapobadilisha fimbo, kagua upya uchawi uliochaguliwa.

Levo ya 35 inafungua mshale wa moto, Fire Bolt, wenye nguvu ya juu 12. Hapa tunasita kuupendekeza. Hula runi ya vurugu, ambayo dukani huanzia sarafu 90, na hewa tatu hata ukiwa na fimbo ya moto. Urushaji mmoja ni 102. Pigo la moto ni 11. Unalipa zaidi ya mara tisa ili upate chini ya mara mbili ya uzoefu. Mwenye sarafu za kutosha atapunguza saa nyingi, lakini asiye nazo aendelee na pigo la moto bila kuona haya.

Kazi halisi ya fimbo ya moto inakuja levo ya 55, kwenye High Level Alchemy. Uchawi huu hugeuza kitu kuwa sarafu kwa asilimia 60 ya thamani yake ya msingi na hutoa uzoefu 65. Hula runi tano za moto na moja ya asili. Fimbo inalipa zile tano. Kwa mkono usiochoka unarusha mara 1,200 kwa saa, uzoefu 78,000. Bei ya kununua kitu ukijumlisha runi ya asili lazima iwe chini ya sarafu zitakazotoka, na bei hizo husogea kila siku, kwa hiyo piga hesabu upya kabla ya kila mzigo na jaribu kitu kimoja kabla ya kununua mia.

Huu pia ndio uchawi wa safarini. Hauna adui, hauna mahali maalumu, na ukiwa kwenye meli ya Nansio mtandao ukapotea katikati ya ziwa, hupotezi chochote. Ukirudi hewani unaendelea pale ulipoachia.

Wanaofikiria kulipia wajue kinachobadilika: vazi la Mystic, la levo ya 40 ya uchawi na 20 ya ulinzi, lina joho la alama 20 na sketi ya alama 15. Hapo ndipo nguo inaanza kuwa na maana. Bondi moja inayonunuliwa kwa sarafu za ndani hutoa siku 14 za uanachama, lakini bei yake iko mbali sana na mfuko wa levo ya 35. Akaunti mpya ya bure pia huwekewa mipaka ya kuuza baadhi ya vitu mpaka itimize alama 10 za misheni, jumla ya levo 100 na saa 20 za kucheza, kwa hiyo usipange biashara ya bondi wiki ya kwanza.

Na kaskazini mwa Varrock kuna Wilderness, ambako wachezaji wengine wanaruhusiwa kukuua. Ukivuka huko, acha fimbo ya ziada na runi za akiba benki.